Masale Mawili kwa Meno Manne

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Siku kubwa! Daktari Eunike ametuita asubuhi, mimi na Kindness, wauguzi wake wawili wa meno, akasema kliniki inahitaji Msimamizi wa Maadili. Atatangazwa Ijumaa. Atavaa beji. Beji yenye jina! Kindness akajifanya hajali, akaendelea kupanga vifaa kwenye trei. Namjua huyo. Anaitaka kuliko mimi.

Tumepewa mwongozo wa kurasa arobaini. Nimesoma mbili, kwa makini. Ya pili inasema siri ya mgonjwa haitolewi wala jina lake halitajwi. Rahisi mno! Kindness amepigia mistari kurasa zote kwa wino wa njano. Anajisumbua bure.

Jumanne, 16 Septemba

Nimepanda mlimani Machame baada ya kazi, kwenye kikao cha kipaimara cha mpwa wangu. Mtori mzito wa ndizi, watu wamechangamka. Nikaona hapa ndipo pa kufanya mazoezi ya usimamizi. Nikasimama, nikawaeleza kwamba sisi watu wa tiba jina la mgonjwa hatutaji hata tukichomwa moto. Nikatoa mfano. Nikasema kuna mzee mmoja, jina sitaji, anaimba besi kwenye kwaya ya hapa hapa, ana ng'ombe mwenye pembe moja, na yale meno manne ya mbele anayotamba kwamba ni ya kuzaliwa, tulimtengenezea sisi mwezi wa sita.

Kicheko! Watu wakashika mbavu. Nimepigiwa makofi! Na jina sikutaja. Beji ni yangu.

Jumatano, 17 Septemba

Balaa. Kumbe Machame nzima ng'ombe mwenye pembe moja ni mmoja tu. Mwenye ng'ombe, Mzee Gidioni, amepiga simu kliniki saa mbili asubuhi. Watoto wanamuuliza meno yake yanalala wapi. Hataimba kwenye kipaimara Jumapili, na Ijumaa analeta barua ya malalamiko.

Daktari Eunike hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Amesema barua ikifika itakwenda kwenye baraza la wauguzi, na leseni yangu inaweza kwenda nayo. Nikajitetea kwamba sikutaja jina. Akaniambia niirudie sentensi hiyo polepole nijisikilize. Nimejisikiliza. Ilisikika vizuri tu.

Kindness amenipa kiti, akaniuliza kwa upole kama nimekula. Mnafiki!

Miaka tisa nimeshika taa juu ya vinywa vya watu. Watoto waogopao sindano hunitaka mimi, si Kindness. Nikinyang'anywa kazi hii nitakuwa nani? Nimeogopa kweli. Nimelia kidogo stoo, kati ya maboksi ya glavu.

Alhamisi, 18 Septemba

Wazo! Sale! Mchagga akiletewa jani la sale hawezi kukataa kusamehe, ndivyo tulivyolelewa. Kindness na wino wake wa njano asingelifikiria hilo hata siku moja. Nikaomba ruhusa, nikapanda mlima mbio.

Nimefika karibu na kwa Mzee ndipo nakumbuka sale lenyewe sina. Lakini bahati! Pembeni mwa kihamba chake, shamba lake la migomba, masale yamejipanga mstari mrefu, mazuri, ya kijani. Jani moja nikaliona dogo kwa kosa la meno manne. Nikang'oa mche mzima na mizizi yake. Nikaongeza wa pili, kwa heshima.

Nikampa shikamoo, nikapiga goti, nikamtolea kwa mikono miwili. Mzee akaitazama mizizi inavyodondosha udongo. Akauliza kwa sauti ndogo nimeitoa wapi. Nikamwonyesha kwa fahari.

Mama yangu! Ule ndio mpaka wake na jirani yake Hosea. Wameugombania miaka kumi na moja, wamepatana mwezi uliopita tu mbele ya mchungaji na balozi wa nyumba kumi. Na Hosea huyo hapo kwenye mashimo yangu, jembe begani, anapima hatua!

Mzee Gidioni akanitazama. Akamtazama Hosea. Akaanza kucheka. Alicheka akakumbatia mgomba, akacheka mpaka yale meno manne yakaangukia upande wa Hosea. Hosea akayaokota, akayafuta kwa shati, akayarudisha naye akicheka hana nguvu.

Mzee akasema sale ni sale, hawezi kukataa: moja la meno, moja la mpaka. Barua haleti, mradi nimweleze Daktari kila kitu mwenyewe. Halafu akaacha kucheka. Akaniambia, Ezra mwanangu, si meno yaliyoniuma. Kilichomuuma ni kwamba alikaa kwenye kile kiti akaniachamia mdomo, yeye ambaye hata mkewe hajawahi kumwona bila meno. Nimepanda upya miche yote miwili, Hosea ameshika kamba.

Ijumaa, 19 Septemba

Barua haikuja. Nimemweleza Daktari Eunike kila kitu mwenyewe, kama Mzee alivyotaka. Nimepewa onyo la maandishi kwenye faili langu. Msimamizi wa Maadili ni Kindness. Beji imemkaa vizuri, kwa bahati mbaya. Amri yake ya kwanza: nimsomee mwongozo wote kwa sauti. Kurasa arobaini!

Jumatatu, 22 Septemba

Jana Mzee Gidioni aliimba kwenye kipaimara. Besi ilitikisa madirisha, na alitabasamu mbele ya kanisa zima. Nimefurahi mno. Nimejifunza mengi wiki hii.

Kwanza, nimepanda masale kumi na mawili kwenye makopo ya rangi nyuma ya kliniki. Kindness ameuliza ni ya nini. Nimemwambia mapambo. Sasa sina wasiwasi na mgonjwa yeyote.

Pili, leo jioni kuna kikao cha harusi hapa mtaa wa Soweto, karibu na kliniki, na wameniomba niseme machache kuhusu maadili ya kazi. Mfano ninao. Jina sitaji kabisa, wala ng'ombe. Ni mzee mmoja tu, aliyecheka mpaka meno yake yakavuka mpaka.