Dawati la Yordani

Jumatatu, 5 Mei

Mtihani wa kidato cha sita umeanza hapa Korogwe. Kule nyumbani Sindeni, baba ameshatangaza kwamba mwanawe Clinton anakwenda kusomea udaktari. Bibi Yusra, jirani yetu, alishaniletea goti lake nilitazame. Nilimwambia apumzike. Kwa hiyo kufeli hakupo. Kusoma nako hakukuwepo.

Ila nina bahati! Dawati langu liko jirani na la Yordani, kichwa cha darasa. Kweli, tulimzika Februari kwao Kwaluguru, na jeneza nilibeba mimi. Lakini namba yake bado imeandikwa kwa chaki kwenye dawati, na mtihani ulipoanza alikuwa amekaa. Nani akose mtihani wa taifa?

Nimenakili Fizikia yote. Enzi za uhai wake alikuwa akificha karatasi kwa kiwiko. Sasa hafichi. Kufa kumemwondolea uchoyo.

Alhamisi, 8 Mei

Kemia. Msimamizi, Madam Edna, amesimama kati yetu, akajifunika kitenge, akauliza nani kafungua dirisha. Joto lote hili la Korogwe! Dawati la Yordani amelitazama kama dawati tupu. Mimi namwona vizuri. Mwandiko umelalia kushoto, kucha zina udongo mwekundu. Hageuzi ukurasa mpaka nimalize, kama vile ananisubiri. Hilo limenitisha, sijui kwa nini. Nimeendelea kunakili.

Jumatatu, 7 Julai

Matokeo! Yordani: daraja la kwanza, pointi tatu. Mimi: hakufanya mtihani. MIMI!

Nimempigia simu mkuu wa shule kwa ukali. Akasema kwenye mahudhurio sahihi ya Yordani ipo kila siku, yangu haipo hata moja, na yeye mwenyewe hajui aelezeje. Akaniuliza nilikuwa wapi. Ndipo nikakumbuka nilivyonakili. Kila kitu, kwa uangalifu, kuanzia juu kabisa ya ukurasa. Hadi namba yake. Mjinga mimi!

Baba amekaa uani, amepakata viatu vyeusi alivyoninunulia vya chuoni. Hilo limeniuma kuliko matokeo.

Alhamisi, 10 Julai

Mama Grasiana, mama yake Yordani, amekuja na jogoo. Mama mwenyewe halii hata kidogo. Amenishukuru kwa kumshikia mwanawe kalamu. Anasema Yordani huja jioni, husimama nje ya mlango, haingii. Kilichokuwa kikimsumbua ni mtihani tu. Kisha akanishika mikono, akazitazama kucha zangu. Tangu Mei nazisugua kwa brashi. Udongo hautoki.

Hapo hapo nikapata wazo. Nafasi ya udaktari ipo, mwenyewe hayupo, mimi nipo. Niende kwa jina lake! Mama Grasiana akafikiri, akasema atamuuliza.

Jumapili, 13 Julai

Yordani amekubali! Mama Grasiana ameniletea cheti chake cha kuzaliwa. Sharti ni moja tu: Yordani hawezi kulala kaburini bila jina, kwa hiyo anaomba langu. Nimecheka mpaka machozi. Jina lenyewe hata mtihani halikufanya! Nimempa.

Jumatano, 16 Julai

Nimepita kaburini Kwaluguru kuaga. Msalaba umepakwa rangi mpya na umeandikwa Clinton. Kazi safi, herufi zimelalia kushoto. Nimejisikia baridi kidogo, nadhani ni mafua.

Nyumbani nimempa baba shikamoo, hakuitikia. Vile viatu amewapa watu wengine. Bibi Yusra amekuja akichechemea, akanipita mlangoni, akaenda kumpa baba pole. Goti hata hakulitaja! Mama amepakua ugali, sahani yangu akaisahau.

Nimewaelewa. Wanajizoesha mapema, ili wasiumie nikienda chuo.