Bomba Moja na Karatasi Nne

Jumatatu, 1 Julai 1974

Bila mimi barabara ya kwenda Zambia isingejua ipinde wapi hapa Igawa. Mainjinia walikuwa wananiuliza kwanza. Leo serikali imenikumbuka tena. Bwana Gideoni, mpima ardhi kutoka Mbeya, amenikabidhi ramani ya kijiji chetu kipya niilinde hadi Jumamosi. Mke wangu Severina anasema ni kwa sababu bati letu halivuji. Wivu huo!

Ramani yenyewe ni karatasi nne nyembamba, zinaonyesha mpaka upande wa pili. Ya kwanza mto na vilima. Ya pili njia. Ya tatu viwanja tutakapojenga. Ya nne bomba la maji, moja tu, la kijiji kizima. Ukizipanga moja juu ya nyingine, misalaba ya pembeni ikalingana, kijiji kinatokea chote. Gideoni akasema uzuri wake ni kwamba ukibadili kitu kwenye karatasi moja, zile nyingine haziguswi. Kamati ya kijiji ina ruhusa kusahihisha kwa penseli. Jumamosi anapiga wino, basi. Nikaitikia kama mtu aliyeyajua hayo tangu darasa la nne kule Iringa.

Jumanne, 2 Julai

Nimezipanga. Msiba! Bomba liko shuleni. Kiwanja changu kiko mwisho kabisa wa kijiji, ubavuni kwa Nyanda. Huyu Nyanda ni Msukuma aliyehamia huku Usangu na ng'ombe wengi, na maneno kuwazidi ng'ombe.

Severina anachota mtoni, saa nzima kwenda na kurudi, na shingo imeanza kukataa kugeuka. Ameapa: bomba likiwa mbali, anarudi kwa kaka yake kule Ilula. Na masufuria yote. Yote!

Jumatano, 3 Julai

Kazi imefanyika. Nimetoa karatasi ya nne, nikafuta bomba la shuleni kwa raba, nikalichora kiwanjani kwangu. Mstari umenyooka. (Kidogo. Bomba limetoka na shingo kama bata.)

Mchana Mwenyekiti Isakwisa akaja kuichukua karatasi hiyo akawaonyeshe wanakamati. Nikampa huku nakohoa.

Alhamisi, 4 Julai

Nyanda kapita. Akaniita mjomba wa ramani, akauliza kama tumbo langu nalo lina karatasi yake au limeenea zote nne. Kisha akasema, kama mtu asiye na habari, kwamba wataalamu hawaweki bomba mwisho wa kijiji hata siku moja. Litakuwa shuleni tu. Severina atafute ndoo nyepesi.

Ugali umenishinda. Wakilirudisha shuleni je?

Ijumaa, 5 Julai

Akili! Bomba limeshakuja kwangu. Na mimi nikienda kwa bomba, si tutakuwa karibu mara mbili? Hata wakilirudisha shuleni, watanikuta nimeshafika.

Karatasi ya tatu ninayo. Nimefuta kiwanja changu, nikakichora shuleni. Nimeitazama mbele, nimeitazama nyuma. Safi, haina kosa hata moja. Nikamwambia Severina afikirie bustani ya mchicha. Akauliza, Baba Evarista, umefanya nini? Nikamjibu kwamba mambo ya ramani hayaelezwi kwa mtu aliyesimama. Akakaa. Nikatoka nje kukagua bati.

Jumamosi, 6 Julai

Kikao. Gideoni akazipanga zote nne, akazibana kwa pini. Nikachungulia. Nikachungulia tena. Mimi niko shuleni. Bomba liko nilikotoka! Tumepishana njiani kama watu wawili wanaotafutana sokoni.

Gideoni akadhani kamati ndiyo imesahihisha. Kamati ikadhani ni Gideoni. Wakasifiana. Nikafungua mdomo, nikakumbuka ramani ni ya serikali na raba ni yangu. Nikaufunga. Wino ukapigwa.

Nyanda, bomba likiwa hatua ishirini tu kutoka zizini kwake, alinipa mkono wa heshima. Akasema sasa anaamini mimi ni mtu mkubwa.

Jumapili, 7 Julai

Severina amehesabu hatua kutoka shuleni hadi bomba litakapokuwa. Karudi. Anafunga masufuria kwenye kanga, moja moja.

Jumatatu, 8 Julai

Hakwenda Ilula! Kaenda kwa Isakwisa kuuliza kile kiwanja kilichobaki wazi kando ya bomba ni cha nani. Nyanda alikuwa ameshakaa pale, anakiomba kiwe cha ndama. Isakwisa akamwita Severina kutoka upande. Severina akageuka mwili mzima, maana shingo haigeuki. Mwenyekiti akaona ndoo za mtoni zilivyomfanya. Akasema mume ana kiwanja chake shuleni, mke apewe hiki. Nyanda akabaki na ndama zake.

Alhamisi, 11 Julai

Yote yamekwenda kama nilivyopanga. Nani kamletea Severina maji mlangoni? Penseli yangu! Sasa nasikia Gideoni atarudi na karatasi ya tano, ya maduka na kilabu cha pombe. Kilabu nitakisogeza kidogo tu. Na mimi nitasogea kidogo kukifuata, kwa usalama.

Kiwanja changu cha shuleni kipo, asibishe mtu. Ila Severina keshapaka mipaka chokaa, nami nimekubaliwa kulala kwake nyumba ikiisha. Isakwisa ameandikisha wakazi leo. Mstari wa Severina: mwenye nyumba. Mstari wangu, chini yake: mgeni.