Sahani ya Bibi na Minara ya Ziwani

Jumatatu, 9 Februari
Theluji hadi magotini. Kinu cha nyuklia kilifungwa zamani, wenyewe wakaondoka, wakatuachia minara ishirini na minne ya zege ukingoni mwa Ziwa Michigan. Ndani yake, fueli ya kinu iliyokwisha kutumika. Ijumaa kamati ya wananchi inachagua mwenyekiti wa kuisimamia. Wote wanamtaja Bernadette Paplham, jirani yangu, mwalimu mstaafu wa fizikia. Mimi nimesambaza barua mji huu miaka thelathini na moja, hakuna anayenitaja! Leo kipimo cha mionzi nilichoagiza kimefika. Bernadette ana vitabu. Mimi nina mashine inayolia.

Jumanne, 10 Februari
Nimezunguka uzio mzima wa minara. Kipimo: tik… tik. Kimya cha makaburini. Nimeanguka mara mbili, glavu moja imepotea. Nimerudi nyumbani na hasira, nikakibwaga kipimo juu ya meza, karibu na sahani ya marehemu bibi, ile ya rangi ya chungwa. Lo! Kikalia kama mahindi kikaangoni. Nikakumbuka kusikia kwamba rangi hizo zamani zilitiwa urani, madini yenye mionzi. Nimerekodi mlio, mlio tu, nikautuma kwa waumini wote wa parokia: “Sikilizeni. Nimetoka kwenye uzio sasa hivi.” Kweli tupu. Nilikuwa nimetoka huko.

Jumatano, 11 Februari
Simu haijapumzika. Kura zetu unazo, Delbert! Shujaa! Darlene wa duka la mikate amewapeleka wanawe watatu kwa dada yake mjini Green Bay. Nikajisemea, watafurahi, kule kuna sinema.
Halafu mzee Wendell Kostichka akaja, kofia mkononi. Ng'ombe wake wanalala ng'ambo tu ya uzio.
“Maziwa yote ya asubuhi nimeyamwaga, Delbert. Siwezi kuwapa watoto wa watu sumu. Asante, mwanangu, kwa kutuambia ukweli.”
Nikausukuma uji kando. Nikasema karibu. Karibu!

Alhamisi, 12 Februari
Walinzi wa minara wametuita tukaone wenyewe: Bernadette, mzee Wendell na mimi.
Sijui niandikeje. Nilitarajia mapipa. Ni minara, kila mmoja kama nyumba ya ghorofa mbili, imejipanga kama watu walioambiwa wasubiri. Hakuna injini. Hakuna sauti. Theluji imefunika kila kitu, ziwa, uzio, kofia ya mlinzi. Vichwani mwa minara, hata chembe. Inayeyuka ikigusa. Mlinzi akaniruhusu nisogeze kiganja kwenye tundu la hewa. Pumzi ya joto ikanigusa, taratibu, kama pua ya ng'ombe. Zile taa zote za utoto wangu, majiko yote, redio ya bibi: moto wake bado umo humu, haujalala. Kipimo kikaongeza mwendo kidogo tu. Hakikufikia sahani.
Bernadette akauliza, chuma cha ndani kikipata ufa, nani atakiona? Mlinzi akasema kuna kamera zinazopita kwenye matundu, lakini hazifiki kila mahali. Na kibali ni cha miaka mingapi? Arobaini, huongezwa. Kisha fueli itapelekwa wapi?
Mlinzi akatazama ziwa. “Hapo hakuna ajuaye, mama.”
Mzee Wendell akavua kofia. Nami nikavua. Nilijiona mdogo kama stempu.

Ijumaa, 13 Februari
Mkutano, ukumbi wa parokia, harufu ya samaki wa kukaanga. Bernadette kaniomba nieleze mlio niliurekodia wapi. Kwa upole! Huo ndio ulioniua. Nikasema: jikoni. Sahani ya bibi.
Darlene akasimama: “Watoto wangu wamelala sakafuni siku mbili kwa ajili ya sahani?”
Mzee Wendell hakupiga kelele. “Kesho saa kumi na moja alfajiri, Delbert. Utakamua wewe.”
Bernadette amepita kwa mikono yote, na wangu. Akasema hofu ya uongo imekwisha, sasa tuulize ile ya kweli. Minara itakuwepo sisi tukiwa udongo. Tuweke jiwe langoni, tuwaambie wajao kilichomo na wasikichokoze. Nani atatunga maneno? Machozi yakanilenga. Nikainua mkono kabla ya wote.

Jumamosi, 14 Februari
Ng'ombe wamenipiga mateke manne. Si kitu. Watu wa miaka elfu kumi ijayo watasimama mbele ya jiwe lile! Nimetunga mistari isiyopungua kumi na miwili. Wa kwanza: “Hapa Delbert Jirovec, aliyekuwa wa kwanza kuutahadharisha mji…” Kuhusu fueli, nafasi ikibaki, tutaongeza chini. Swali ni picha yangu. Nadhani upande wa kushoto.