Siku Mbuzi Walipokula Kisiwa

Jumatatu, 3 Juni

Nimepata kazi! Na si kazi ya kufa. Miaka yote hii nimekuwa maiti kwenye michezo ya televisheni: maiti wa ajali, maiti wa mapenzi, mara moja maiti wa pili kutoka kushoto. Mtaani wananiita Maiti, na sijali tena. Safari hii nitasimama wima, macho wazi.

Filamu ni ya maisha ya Mkongwe. Mkongwe! Yule mwigizaji ambaye mama yangu akimwona kwenye picha alikuwa anasahau chungu jikoni mpaka kinaungua. Umaarufu ukiwa umempanda mpaka kichwani, aliacha yote akanunua kisiwa katikati ya ziwa. Mawe matupu. Hakuna mti, hakuna kisima. Akaapa kwamba hataruhusu hata tone la mafuta ya taa au dizeli pale. Atakunywa mvua, atapika kwa jua, na maganda yote ya jikoni yatarudi kuwa udongo. Watu walimcheka mpaka wakachoka. Inasemekana maharage yake ya kwanza yaliiva siku ya pili. Leo kile kisiwa ni msitu, na ndege wanatoka mbali kwenda kulala huko. Nikiwaza hayo mwili unanisisimka. Mtu mmoja! Na jembe!

Kazi yangu ni kusimama pale atakaposimama nyota wa filamu, wakati mafundi wanapanga taa. Nguo zetu sawa, kimo chetu sawa. Taa zikikaa vizuri mimi natoka, yeye anaingia, kamera inaanza. Nyota mwenyewe ni yule kijana anayetabasamu kwenye tangazo la sabuni. Namwita Sabuni. Hata jembe hajui kulishika. Mpango wangu ni rahisi: nitayajua maisha ya Mkongwe mpaka bibi mwongozaji aone aibu kumpa mtu mwingine nafasi ile.

Jumanne, 4 Juni

Mpango umeanzia nyumbani. Huwezi kumwigiza mtu hujaonja shida zake. Nimeshusha dishi la televisheni kutoka paani, nikalibandika karatasi zinazong'aa za kufungia chakula, nikalielekeza juani na kuning'iniza sufuria ya maharage katikati. Jiko la jua, kama la Mkongwe! Moto huuoni, lakini upo. Nilivua kofia, nikasimama pale kimya kwa heshima.

Nilichosahau ni kwamba jua linatembea. Kufika mchana ule mwanga ulikuwa umeiacha sufuria na kuhamia kwenye kamba ya nguo. Mke wangu ni fundi cherehani. Kambani kulikuwa na gauni la mteja, tena bibi harusi. Sasa lina tundu kifuani, na pembeni ya tundu pana rangi ya chai.

Ndani nako mama mkwe alikuwa amekaa tayari kwa tamthilia yake. Leo ndiyo ilikuwa sehemu ya harusi. Televisheni nyeupe pe! Akatoka uani, akaliona dishi, akayaona maharage, akaniona mimi. Akampigia simu mwanawe.

Mwanawe ni shemeji yangu, muuza jenereta. Mlangoni pa duka lake zinaunguruma kutwa ili wateja wazisikie wakiwa bado mbali. Basi tukakalishwa sebuleni. Mke wangu akasema kwa upole, na upole wake ndio unaonitisha, kwamba amechoka kuwa mke wa marehemu. Filamu hii ndiyo ya mwisho. Uso wangu ukionekana humo, hata kidogo, ataniachia usanii wangu maisha yote na hatafungua mdomo. Usipoonekana, naingia dukani kwa kaka yake. Shemeji akasema nisijali, fulana ya dukani ya saizi yangu ipo.

Mimi! Kwenye moshi wa dizeli! Nimekubali kwa sababu sina wasiwasi wowote. Maharage hayakuiva.

Alhamisi, 6 Juni

Kisiwa kiko ndani ya ghala la zamani la pamba. Mwamba unagusa dari! Wameujenga kwa magazeti makuukuu na gundi ya unga, wakaupaka rangi, lakini ukisimama mbali kidogo utaapa ni jiwe la tangu dunia kuumbwa. Ziwa ni nailoni ya buluu. Mafundi wawili wanaitikisa huku wakibishana habari za mpira. Bustani ni miche ya plastiki. Halafu wakawasha taa moja kubwa, ikawa ndiyo jua linachomoza. Salaale! Nimeamka asubuhi nyingi maishani, sijaona asubuhi iliyopangwa vizuri namna ile. Na aliyesimama katikati yake ni mimi.

Kisha nikatoka, akaingia Sabuni. Analima kama mtu anayekoroga uji. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwendea bibi mwongozaji, nikamwambia kwa heshima zote kwamba Mkongwe aliumia bega ujanani, kwa hiyo alishika jembe chini kabisa, mkono wa kushoto mbele. Akanitazama kwa makini. Sasa hivi, nikajua, ananipa nafasi! Akasema ni kweli kabisa, asante sana, na kwamba nimchukue Sabuni pembeni nimfundishe.

Nimemfundisha mpaka jasho limenikauka. Anashika upesi, mjinga yule. Jioni kila mtu anamsifu kwa jinsi anavyolima, na mimi nimebaki na malengelenge. Wanasema mchimba kisima hakatazwi maji. Mimi nimekatazwa hata kunawa.

Bibi mwongozaji ametangaza kwamba Jumamosi ya wiki ijayo, kazi ikiisha, atatundika shuka humu ghalani atuonyeshe vipande vya filamu, kila mtu aje na wake. Nimemwambia mke wangu. Amesema atakuja na mama, na kaka.

Jumatatu, 10 Juni

Kesho Mkongwe mwenyewe anakuja kutazama! Nimeandika sentensi hiyo nikaisoma tena kwa sauti.

Na anakuja siku ya mbuzi. Kisa kile kila mtu anakijua: mashabiki walimpelekea mbuzi kama zawadi, na asubuhi moja wakamaliza bustani yake yote ya kwanza. Ndiyo siku pekee aliyotaka kukata tamaa. Kesho Sabuni atawakimbiza kwa jembe. Mwenye mbuzi amesema wanyama wake wana adabu. Atapaka chumvi kidogo kwenye ile miche ya plastiki, wairambe, basi.

Plastiki! Mzee wa watu, aliyelima mawe mpaka yakatoa majani, aje atazame plastiki? Nisingelala. Jioni wenzangu walipoondoka nilirudi ghalani. Nimeng'oa plastiki yote, nikapanda miche halisi ya kabichi. Miche ni ya mama mkwe, ile ya kwenye makopo uani. Hajaambiwa bado. Mkongwe ataiona, atauliza ni mkono wa nani, bibi mwongozaji ataulizia, nami nitasogea mbele kwa unyenyekevu. Akishaniona, nani atamkumbuka Sabuni?

Nilipomaliza nikasimama kuitazama mistari ile ya kijani chini ya mwamba. Machozi yakanitoka. Sasa nimejua alichokiona yeye.

Jumanne, 11 Juni

Mbuzi wamekula kisiwa.

Sisemi bustani. Nasema kisiwa. Nilikuwa mahali pangu, jembe mkononi, mafundi wanapanga taa, mbuzi wamefungwa pembeni. Mkubwa wao, mwenye ndevu, akanusa. Akanusa tena. Akakata kamba kama uzi. Wenzake wakafuata. Kabichi za mama mkwe hazikuchukua hata muda wa kusema ah. Mwenye mbuzi anapiga mluzi, wapi! Adabu yote imekwisha.

Kisha wakagundua mwamba. Gundi ya unga! Jamani, sikujua mbuzi anaweza kula gazeti kwa furaha vile. Wakaanzia chini wakapanda. Hapo nilisahau filamu, nikasahau taa, nikamsahau Sabuni. Niliona bustani yangu imeliwa, basi. Nikawakimbiza kwa jembe nikilia kwa sauti, jamani acheni, jamani kisiwa changu! Yule mwenye ndevu akanipiga kikumbo nikatumbukia ziwani, nikazongwa na nailoni na mafundi wake wawili. Nilipotoa kichwa, mwamba uliinama polepole, ukalala.

Hapo nikasikia mtu anacheka mlangoni. Mzee mdogo wa umbo, amevaa sweta kubwa, ameshika nguzo asianguke. Alicheka mpaka wakamletea kiti. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona Mkongwe kwa macho yangu, na nilikuwa na jani la kabichi sikioni.

Jumatano, 12 Juni

Nimeitwa ofisini. Nilijua nafukuzwa, nikavaa shati safi ili nifukuzwe kiungwana.

Kumbe mpiga picha alikuwa ameiacha kamera inazunguka akijaribu taa. Kila kitu kimo. Bibi mwongozaji alisema alitaka kuninyonga, lakini Mkongwe amemwambia ndivyo ilivyokuwa hasa, hata kilio ni kilekile, asithubutu kupiga picha nyingine. Mwamba mafundi watausimamisha upya. Halafu akasema Mkongwe ananiomba nikanywe naye chai.

Ananiomba mimi! Nilimpa shikamoo, sauti ikatoka nyembamba kama ya kuku. Akaniambia nikae. Akaniuliza kabichi nilizipanda lini, nikamwambia. Akacheka tena kidogo. Akaniambia kwamba tangu aje mjini hapa amekuwa akipanda na kushuka kwa lifti ya hotelini bila sababu, kwa raha tu, na nisimwambie mtu. Akasema kule kisiwani alikwenda kwa hasira, kwa sababu walianza kuwapa wengine nafasi zake, akataka wamkumbuke walie. Kisha mti wake wa kwanza ukatoa jani, naye akaenda kuutazama, na jioni akashtuka kwamba siku nzima hajawaza kupigiwa makofi. Baada ya hapo akaendelea na jambo refu kuhusu hilo, kwamba ndilo pekee alilotaka kumwambia mtu kama mimi. Sikulishika vizuri. Nilikuwa namtazama anavyoshika kikombe: vidole viwili tu, na kidole gumba kinapumzika juu ya ukingo. Ajabu! Nimefanya mazoezi jioni nzima. Vikombe viwili vimevunjika.

Jumamosi, 15 Juni

Ghala limejaa. Nimeketi kati ya mke wangu na mama mkwe. Shemeji nyuma yetu, amekuja na fulana ya dukani ikiwa kwenye mfuko.

Shuka likawaka. Sabuni anashuka kwenye mtumbwi. Sabuni analima, mkono wa kushoto mbele, watu wanaguna kwa kumsifu. Kisha mbuzi. Lo! Nilishika kiti. Ni mimi! Mimi mzima mzima, ghala zima linaona, nakimbia, napiga kelele, naruka mawe. Watu walisimama. Watu walipiga makofi. Mkongwe mstari wa mbele anajifuta macho. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile kwenye picha yoyote, na kitu chenyewe kilikuwa mimi.

Ila kamera ilikuwa nyuma yangu muda wote. Mgongo. Mgongo, mgongo, kisigino, mgongo. Nikatumbukia. Kichwa kikaanza kutoka kwenye nailoni, kinageuka, sasa, sasa, na uliotokea ni uso wa Sabuni, walioupachika baadaye, ameloa vizuri, anang'aa.

Mama mkwe hakuniona mimi. Aliona kabichi zake. Amesema tutaongea nyumbani.

Lakini mke wangu alikuwa amenikamata mkono gizani, anacheka huku analia. Akaninong'oneza kwamba mgongo ule angeujua hata kwenye watu elfu, kwamba ndivyo ninavyokimbia mvua inapotukuta nguo ziko kambani, na kwamba nilikuwa mzuri, kweli kabisa nilikuwa mzuri. Nusura moyo upasuke. Nikatumia nafasi hiyo kumuuliza kama, tukiangalia kisanaa, mgongo nao hauwezi kuhesabiwa kuwa uso wa upande wa pili. Akavuta pumzi. Akasema ahadi ni ahadi. Shemeji akanipitishia ule mfuko juu ya bega.

Jumatatu, 17 Juni

Siku ya kwanza dukani. Kelele, moshi, fulana inabana kwapani. Akaja mama mwenye saluni, anataka jenereta ndogo kwa ajili ya mashine za kukaushia nywele. Nikamwambia habari za jua. Nikamwambia habari za Mkongwe. Nikazima jenereta za mlangoni anisikie vizuri. Alisikiliza kwa adabu, akashukuru, akaenda kununua kwenye duka la jirani. Shemeji hakufoka. Aliniambia niziwashe tena na nifagie.

Jumatano, 19 Juni

Leo nimeshuhudia jambo. Kwenye zahanati ya mtaa wa pili jenereta kubwa imegoma. Mafundi wamefungua wakafunga, wamefungua wakafunga. Wakamwita shemeji, nami nikabeba boksi la spana. Alifika taratibu, tumbo mbele. Hakuuliza mtu. Akaipigapiga ubavuni kwa kiganja, akalaza sikio kwenye chuma, akafumba macho. Akakaza kitu kimoja tu. Kisha akavuta kamba. Mara moja!

Mungu wangu! Ardhi ilitetemeka. Taa za wodi zote zikawaka, wauguzi wakapiga vigelegele, na mimi nikasimama pale kinywa wazi, nywele zimenisimama. Njiani nikamuuliza alianzaje. Akaniambia alianza na pampu moja ya maji iliyokufa, aliyoiokota jalalani, akailaza chini ya kitanda chake, akaichokonoa kila usiku mpaka ikaunguruma. Pampu iliyokufa! Chini ya kitanda! Nimeishi na familia hii miaka yote na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuna jabali ndani yake.

Maisha kama haya hayawezi kupita hivihivi. Siku moja watayatengenezea filamu, hilo halina ubishi. Na watamtafuta mtu anayemjua shemeji ndani nje: sauti, mwendo, jinsi anavyolaza sikio. Sabuni ataweza wapi, na kiuno chembamba kile? Safari hii kamera haitanikuta nimeipa mgongo.

Jioni hii nimeongezewa chakula mara tatu. Mke wangu ameniuliza kulikoni, mbona ghafla nakula kama mwenye ujauzito. Nimesogeza sahani tu. Kitambi kama cha shemeji hakiji kwa siku moja.