Kodi ya Kukaa

Wananchi walitangaziwa, kwa furaha kubwa, kwamba nakisi ya bajeti imepata dawa. Biashara zilikuwa zimedorora na kodi haziingii, lakini Mkurugenzi wa Mapato alikuwa amegundua rasilimali iliyokaliwa miaka yote bila kuonekana: viti. Kuanzia Jumatatu, yeyote atakayekaa kwenye kiti cha serikali atalipa Kodi ya Kukaa, kwa kila dakika. "Hakuna atakayesamehewa," kilisema kifungu cha kwanza. Mkurugenzi alikiandika mwenyewe, akakipenda.

Ukusanyaji ulimwangukia karani wa mapokezi, ambaye ofisi nzima ilimwita Mama Risiti. Alipewa mashine ya risiti na lengo la wiki. Lengo lilikokotolewa na wataalamu, kwa hiyo halikuwa na uhusiano wowote na watu waliopo.

Wananchi walisoma tangazo, wakasimama wakiegemea kuta. Mzee mmoja aliyefuatilia pensheni alichuchumaa kando ya benchi.

"Mwanangu, na huku nako mnatoza?"

"Bado, baba. Jinafasi kabla hawajashtuka."

Jumatano Mkurugenzi aliziba mwanya: kuegemea ukuta kukahesabiwa nusu kiti. Watu wakasogea katikati ya chumba.

Alhamisi alimwita Mama Risiti. "Umeniangusha, mama. Lengo lisipofika kesho saa kumi, kazi huna."

"Bosi, watu hawakai."

"Basi watafute wanaokaa!"

Mama Risiti alirudi mezani kwake. Alikuwa na watoto wawili shuleni na kodi ya nyumba ya miezi miwili aliyodaiwa. Lakini alikuwa mtumishi mtiifu, na agizo ni agizo. Akafungua droo, akatoa daftari la posho za vikao, alilolitunza yeye, ambamo mabosi husaini kila wanapokaa.

Ijumaa aliingia kwenye Kamati ya Dharura ya Kubana Matumizi. Mabosi kumi na wawili, Mkurugenzi akiwemo, walikuwa kwenye viti vipya vya ngozi, vilivyonunuliwa ili wabane matumizi vizuri zaidi.

"Samahanini waheshimiwa. Kwa mujibu wa sahihi zenu, wiki hii mmekaa humu kila siku, saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku." Mashine ikaanza kutema karatasi.

"Saa zote hizo?" alifoka Mhasibu Mkuu. "Mimi Jumanne nilikuwa shambani kwangu!"

"Sawa, mzee. Hukukaa, hulipi. Nifute sahihi, posho ya Jumanne irudi?"

Mhasibu Mkuu alitazama dari. Wenzake nao wakaliona dari linavutia. Kisha, mmoja mmoja, wakatoa pochi.

Saa nane lengo lilikuwa limevukwa mara tatu. Taarifa ya serikali ilisifu mwamko wa walipakodi. Kamati iliendelea na ajenda ikiwa imesimama wima, na mambo ya siku tano yakaisha kwa dakika tisa.

Mkurugenzi, ambaye magoti yake hayakuzoea, alirudi nyuma polepole mpaka bega likagusa kitu kigumu, akashusha pumzi.

"Bosi," alisema Mama Risiti kwa upole, akiiangalia saa, "huo ni ukuta."