Mafuta ya Nassibu Yenye Karafuu

Nassibu alikuwa ameegemea ukuta karibu na bomba la maji la mtaa wa Isevya, ndiyo kazi yake ya kila siku, alipomsikia Tatu akimlalamikia somo yake, Bi Mwanahawa, kwamba kila mwezi matiti humvimba na kumuuma hata kanga humlemea. Bi Mwanahawa akamtuliza: ni mambo ya mwili wa kike, hutangulia hedhi, na hedhi ikiingia huondoka yenyewe. Ajikande kwa kitambaa cha maji ya moto, ajifunge kanga vizuri, na akiona uvimbe usioondoka aende hospitali.

Katika darasa hilo zima Nassibu alibeba maneno mawili tu: huondoka yenyewe. Maradhi yanayojiondokea, ndugu zangu, ni mali.

Na mali aliihitaji upesi. Mjumbe wa nyumba kumi alikwisha kumwonya kuwa mwisho wa mwezi wazururaji wote watapelekwa kijiji cha ujamaa huko Goweko wakalime tumbaku. Nassibu na jembe walikuwa hawajuani. Yeye alitaka kukimbilia Dar es Salaam.

Basi akatoa debe lake la mafuta ya karanga, alilolipata kwa njia ambayo tusiiulize, akatosa karafuu yanukie kama dawa, akayaita Shifaa ya Maskati.

"Paka kila jioni," aliwaambia akina mama kwa upole wa tabibu. "Siku zako zikiingia na maumivu hayajatoka, njoo uniite mwongo."

Fedha hakutaka, alitaka asali ya kwenda kuuza Dar es Salaam, wamlipe siku ya safari. Bi Mwanahawa, mwenye wajukuu wakubwa, alirudi na chupa tupu ajaziwe mara kwa mara mpaka Nassibu akamwonea huruma kwa matiti yanayouma uzeeni.

Siku ya safari, wanawake walimletea stesheni madebe mawili, nta imeganda juu. Nassibu akachovya kidole pembeni, akalamba. Asali safi. Bi Mwanahawa akamwongezea maandazi ya njiani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Dawa yako imetufaa mno, na maduka yalivyo matupu."

Treni ilipochanganya mwendo, Nassibu aling'ata andazi. Lilinukia karafuu. Akaacha kutafuna. Akakumbuka kuwa mwezi mzima mjini hapakuwa na mafuta ya kupikia.

Tiketi hakuwa nayo, kwa hiyo mkaguzi alipofika alimsogezea debe moja. Mkaguzi alikuwa mtoto wa warina asali, na warina asali hawalambi juu. Akazamisha kijiti hadi chini, kikatoka na uji wa muhogo. Debe la pili likatoa uji uleule.

Walimshusha kituo kilichofuata. Kibao kilisema Goweko. Mwenyekiti wa kijiji, aliyekuja kupokea majembe, alimtazama kwa furaha ya kweli.

"Wengine wanaletwa na mgambo," alisema, akimkabidhi jembe. "Wewe ndiye wa kwanza kuja kwa hiari."

Nassibu akalipokea jembe. Akamkaribisha andazi.