Kupika Yosefu kwa Sufuria

Siku ya Kwanza, 30 mwezi wa tano 2011
Risasi za vita zilivunja madirisha ya chapeli yetu ya Ngezi. Sasa Padiri Laurent anataka vioo vya rangi. Mimi na Katsuva, yule mwandika vibao wa Saio, kila mutu atengeneze kimoja. Mushindi atapewa madirisha yote. Berthe, bibi yangu wa ndoa, amesema nikikosa na hii naenda Kasenyi kukausha samaki kwa kaka yake. Mimi! Samaki!

Padiri ametugawia maelezo ya Wazungu wa zamani, Kifaransa tupu: saga chupa na shaba iliyoungua, changanya na divai ama mukojo, chora, halafu "cuire". Katsuva ameuliza maana yake. Nimemucheka sana. Cuire ni kupika, hata mutoto wa primaire anajua!

Siku ya Tatu, 1 mwezi wa sita
Nimetwanga chupa mu kinu cha Berthe. Kelele ya Berthe! Ati sombe, majani ya muhogo anayotwanga humo, itatutoboa matumbo. Ametupa kinu. Divai, Padiri amekatala: ya misa ni ya misa. Basi mukojo. Wangu mwenyewe, wa Kikristo.

Siku ya Posho, 4 mwezi wa sita
Nimechora Mutakatifu Yosefu juu ya kioo, ndevu safi kabisa. Sufuria kubwa, maji, chumvi kidogo. Ikachemka. Ndevu zikaenda, uso ukafuata, kisha paa! Vipande. Jirani Annette ametuma kuuliza kama mbuzi imetufia ndani ya nyumba. Berthe anauliza maharagi tutapikia wapi. Mutu iko na msiba, yeye maharagi!

Nimeona Katsuva anapeleka kioo chake mu tanuru ya matofali. Maskini, ile akili.

Siku ya Mungu, 12 mwezi wa sita, Pentekoste
Nimepeleka Yosefu wa pili, wa moto mudogo. Amebaki kwa vidole vya Padiri. Padiri amevinusa. Kioo cha Katsuva kikawekwa, mwanga wa kijani mpaka altare, wamama vigelegele. Hata Berthe! Nimeona haya mpaka masikio yakawaka.

Padiri akaniita pembeni, polepole, ati ile cuire ni kuchoma kama matofali. Ati ningeuliza tu. Kuuliza! Weye Padiri, mimi nauliza Kifaransa? Kosa nimelipata mwenyewe: sikufunika sufuria.

Berthe amekunja nguo zangu. Kesho Kasenyi. Sawa tu. Nimeficha vioo kati ya mashati, na nasikia kaka yake iko na pipa kubwa, tena na kifuniko chake.